Baba Kabla na Baba Mdogo Baada

Baba yangu na baba mdogo walizaliwa siku moja, kwa mama mmoja, wakiwa na sura moja, na kufanana kwao kukaishia hapo. Baba alitangulia kutoka, kwa hiyo akawa mkubwa, na kwa mengine yote akabaki mdogo. Alikuwa fundi cherehani, mwembamba kiasi kwamba wateja walisema akisimama nyuma ya mkanda wake wa kupimia humwoni. Baba mdogo alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, upande wa tanuri, na tangu ujana wake alikuwa na mashavu ya mtu aliyeshiba na tumbo lililofika kila mahali kabla yake. Hawakuwahi kugombana juu ya hilo. Baba alikula na chakula hakikushika. Baba mdogo alinusa tu, kikashika.

Mtu tuliyekuja kumwita Bwana Matangazo aliingia dukani kwa baba kushonesha suti. Alikuwa ndiyo kwanza amefungua ofisi ya kuwasifia watu bidhaa zao kwa malipo, na alitaka koti linaloonyesha kwamba kazi hiyo inalipa. Baba alikuwa anampima kwapani wakati baba mdogo alipoingia na mikate yake ya moto. Bwana Matangazo akamtazama aliyeingia, akamtazama aliyemshika kwapa, akasahau kuushusha mkono. Kabla suti haijakatwa, ndugu hao wawili walikuwa wameshakubali kupigwa picha.

Bidhaa ilikuwa dawa ya maji ya rangi ya kahawia iliyoitwa Siha Tele. Siku zile unene ulikuwa ndio cheti cha maisha mazuri, na mtu mwembamba alihesabiwa kuwa ama ni mgonjwa ama ni bahili. Bwana Matangazo alitaka shati moja livaliwe na wote wawili ili jicho la mtazamaji lisipate pa kushikia shaka. Baba akalishona mwenyewe, lenye mistari. Mwilini mwake lilining'inia kama limetundikwa kwenye msumari; kwa baba mdogo vifungo viliomba msamaha. Mpiga picha alimwambia baba afikirie jambo baya. Baba akasema asubuhi ile hakuwa na jambo baya lolote, kwa hiyo mpiga picha akalazimika kumsimulia kifo cha mbwa wake, kidogo kidogo, mpaka baba akanywea. Baba mdogo hakuhitaji kusimuliwa chochote. Alicheka tangu taa zilipowashwa.

Wiki chache baadaye walikuwa kwenye kila ukuta. Kushoto baba, juu yake neno KABLA. Kulia baba mdogo, juu yake neno BAADA. Chini yao: Mtu ni yule yule. Kilichozidi ni Siha Tele.

Tangu siku hiyo hakuna aliyewaita tena kwa majina yao. Na kwa kuwa walikuwa mtu mmoja, mkataba uliwakataza kuonekana pamoja hadharani. Bwana Matangazo aliwaeleza kwa upole, kama anayewafundisha watoto saa, kwamba Kabla hawezi kupita barabarani na Baada wakizungumza, kwa sababu wakati hauendi hivyo. Wakakubali. Walidhani ni jambo la miezi michache.

Baba akaanza kupewa chupa. Watu asiowajua walimsimamisha njiani wakamsukumizia Siha Tele mkononi, wengine kwa huruma, wengine kwa hasira, kana kwamba yeye ni mtu anayekataa kwa makusudi kufika mahali ambapo kila mtu ameshaona atafika. Yeye alishukuru, akazipeleka nyumbani kwa bibi. Bibi alionja moja, akaitema, halafu akagundua kwamba ikilala kwenye birika usiku mzima inatoa magamba yote. Birika letu lilikuwa jeupe kuliko mabirika yote ya mtaa.

Mama yangu alimwona baba ukutani kwanza. Posa ilipopelekwa, wazee wa upande wake walikaa wakashauriana, wakasema kijana ni mwembamba, ndiyo, lakini mustakabali wake umeshabandikwa hadharani, kila mtu ameuona. Wakakubali. Siku ya harusi baba mdogo alihudhuria akiwa stoo, kati ya masufuria na magunia ya mkaa, akichungulia kwenye ufa wa mlango. Alisema baadaye kwamba aliona viatu vya bwana harusi na nusu ya bibi harusi, na kwamba nusu hiyo ilipendeza.

Mama akaanza kumpa mumewe chupa moja kila asubuhi. Baba alikunywa. Alikuwa amefungwa mdomo na mkataba, na alikuwa amempenda mwanamke huyu hata angempa maji ya betri angekunywa. Mama alimpima kwa macho kila wikendi, akanunua nyingine.

Kisha jioni moja baba mdogo akachoka kumkosa kaka yake. Akazunguka nyuma ya nyumba, akapita mlango wa jikoni. Mama alikuwa anaosha vyombo. Aligeuka, akaona sura ya mumewe juu ya kifua kipana na tumbo la haja, akaona kwamba dawa imejibu, na imejibu yote kwa mpigo. Akamkumbatia, akamwita mume wangu, akamvutia kiti, akaanza kupakua. Baba mdogo, ambaye hakuwahi kukatiza sahani iliyoanza kujaa, alikaa. Ndipo baba akatoka chumbani, mwembamba kama alivyoingia, akiuliza nani amekuja.

Mama aliketi juu ya ndoo. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Kwa hiyo Baada hayupo?" akauliza.

"Yupo," baba akamjibu. "Ila huyo ni shemeji yako."

Mama hakuondoka. Akiulizwa sababu, alisema chakula kilikuwa kimeshapakuliwa. Lakini asubuhi iliyofuata hakuleta chupa, wala hakuleta tena, na mimi nikazaliwa katika nyumba ambayo jina la dawa ile halikutajwa mezani.

Kazi za picha ziliendelea. Baba aliposhona suti nyingine za Bwana Matangazo alizipeleka ofisini kwake, na huko alikuta ukuta mzima umetundikwa matangazo mashuhuri ya nchi za mbali, yamewekwa kwenye fremu kama picha za mababu. Bwana Matangazo alimtembeza mbele yake kwa sauti ya chini. Hii, alisema, ilikuwa dawa ya kuoshea vidonda hospitalini. Haikwenda sana, wakaiuza ya kudekia sakafu. Ikabaki bado, mpaka mtu mmoja mwenye akili akaitia kinywani na kuwatangazia wasichana kwamba kisa cha kutoolewa kwao ni pumzi inayonuka. Tangu hapo vizazi vimekuwa vikipumua kwa pembeni. Hawa hapa ni madaktari wa makoti meupe wakisifia sigara. Hawa ni mabinti waliopangwa wavute sigara kwenye maandamano ya mjini, na magazeti yakaambiwa kwamba huo moshi ndio uhuru. Na hili hapa ni jiwe la kuchimbwa ardhini: wenye rundo la mawe waliona halipungui, wakatangaza kwamba mapenzi yasiyo na jiwe kidoleni ni kujuana tu.

Baba, akiwa na pini mdomoni, aliuliza kama watu hao hawakuona aibu.

"Aibu ndiyo bidhaa yenyewe, fundi," Bwana Matangazo akasema. "Chupa ni kifungashio."

Baada ya hapo baba mdogo akavishwa koti jeupe na kutundikwa kipimo cha moyo shingoni, akatangaza sigara inayolainisha koo. Watu wakaanza kumfuata kiwandani na vifua vyao. Mzee mmoja alimletea picha ya eksirei. Baba mdogo aliiinua mbele ya mlango wa tanuri, akaitazama kwa makini, hakuelewa kitu, akamwambia mzee aache sigara. Habari hiyo ikamfikia Bwana Matangazo, na koti likarudishwa siku hiyo hiyo.

Bibi alipofariki, hakuna aliyeukumbuka mkataba. Ndugu wawili walisimama bega kwa bega kaburini mchana kweupe, mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa mdogo, nimeshika suruali ya baba, na nakumbuka watu walivyogeuka mmoja baada ya mwingine wakaacha kumtazama marehemu. Bwana Matangazo alikuwepo pia, nyuma kabisa. Alisimulia baadaye kwamba alitafuta njia ya kutokea. Alijua biashara imekwisha, kila mtu ameona kwamba Kabla na Baada ni watu wawili, na kesho watamdai fedha zao.

Kesho yake hakuna aliyedai. Mtaa ulikaa ukajadiliana ukapata jibu peke yake: kumbe walikuwa mapacha, na yule mwembamba ni yule aliyekataa kunywa. Siha Tele ikauzwa mwezi ule kuliko miezi yote. Baba akaonekana si mgonjwa tena bali mbishi, na watu wakaacha kumhurumia, wakaanza kumsema.

Miaka ikapita. Mabango yakafifia, yakachanika, yakabandikwa juu yake mengine ya simu na ya mikopo. Kisha, sijui kwa amri ya nani, unene ukaacha kuwa cheti cha maisha mazuri ukawa ushahidi wa uzembe. Watu waliokuwa wakijivunia matumbo wakaanza kuyavuta ndani wakipita mbele ya vioo vya maduka. Na Bwana Matangazo, ambaye sasa alikuwa na mvi na tumbo lake mwenyewe alilolifunga kwa mkanda mpana, akaja dukani kwa baba na pakiti ya majani ya kuchemsha yaliyoitwa Wepesi.

Alitaka sura zile zile. Baba alimwuliza kama watu hawatakumbuka. Alisema vijana hawakumbuki, na wazee watakaokumbuka watajieleza wenyewe, kama walivyofanya makaburini.

Wakapigwa picha tena. Safari hii baba ndiye aliyeambiwa atabasamu, na kwa kuwa hakuwahi kuombwa tabasamu na mtu mwenye kamera, alichelewa kulipata. Lilipokuja lilikuja zuri, la mtu aliyeitwa mbele baada ya kusahauliwa. Baba mdogo aliambiwa akunje uso. Akaukunja. Wakamwambia alishike tumbo lake kwa mikono miwili kama mzigo wa mtu mwingine. Akalishika. Wakamwambia atazame chini. Mpiga picha alikuwa kijana mpole na hakuwa na mbwa wa kumsimulia, kwa hiyo alimwambia tu afikirie watu wanavyomwona. Baba mdogo akafikiria. Baba anasema ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso ule, na wamekaa pamoja tangu tumboni.

Mabango yakapanda, makubwa kuliko ya zamani, yenye taa. KABLA: baba mdogo. BAADA: baba.

Sitasema uongo, kwetu ilikuwa sherehe. Wateja walimiminika kwa baba wakitaka kushonewa na Baada. Walimwalika kwenye shughuli zao, wakamketisha meza za mbele. Mama alipita barabarani akisalimiwa kwa heshima, na mara moja nilimwona amesimama chini ya bango jioni, peke yake, akimtazama mumewe aliyewashwa taa, akitingisha kichwa na kucheka.

Kwa baba mdogo mambo yalikwenda kombo. Alikuwa mtu aliyeupenda mwili wake kama unavyompenda rafiki wa zamani, bila kumfikiria. Sasa watoto walimwita Kabla kiwandani, wakiuliza kama mikate ni ya kuuza au ameshaimaliza. Na binti yake, dada yangu wa baba mdogo, ambaye tulilala kitanda kimoja kila likizo, alikuwa amejiunga na chuo mjini. Alimwomba baba yake kwa adabu zote asimfikishe tena mpaka getini. Amshushe kwenye kona. Baba mdogo alimwambia ni sawa mwanangu, kona ni karibu tu. Usiku huo alirudisha mkate wake kwenye karatasi.

Hakunywa Wepesi hata kikombe kimoja. Aliacha tu kula. Majirani, ndugu, mkewe, wote walimbembeleza. Alisema amekula kiwandani. Kiwandani alisema amekula nyumbani. Mashavu yakaondoka kwanza, kisha shingo, kisha lile tumbo ambalo lilikuwa linamtangulia likaanza kumfuata, na mwisho halikuja kabisa. Upande wa kwetu baba alikuwa anafurahi kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na furaha ile ikafanya kilichoyashinda makreti ya dawa. Chakula kikaanza kushika. Alijipanulia suruali kimya kimya, nyuma ya pazia la dukani, akituambia ni ya mteja.

Kisha Bwana Matangazo akakodi ukumbi. Watu wangekuja kumwona Baada kwa macho, wamsikie akieleza, halafu wanunue pale pale. Mezani, chini ya bango kubwa, waliajiri vijana wa chuo wauze pakiti. Mmoja wao alikuwa dada yangu huyo, na kofia na fulana ya kampuni.

Baba alikuja na koti alilolishona maalumu, lenye mishono ya kudanganya jicho. Lilidanganya kwa mbele. Nyuma ya jukwaa Bwana Matangazo alimwona kwa ubavu, tumbo limetokeza. Akamwuliza lile nini. Baba akasema ni la muda tu. Ukumbi ulikuwa umeshajaa, vipaza sauti vimewashwa, na mtangazaji anamwita Baada kwa mara ya pili. Ndipo Bwana Matangazo alipomwona baba mdogo kwenye kona, amekuja kumletea kaka yake viatu alivyovisahau, shati limening'inia mwilini. Hakumwuliza. Alimshika mkono akampandisha jukwaani, na viatu vya kaka yake mkononi.

Nilikuwa safu ya tatu na mama. Mama alinishika goti.

Watu walipiga makofi sana, kwa sababu mabadiliko yalikuwa ya kweli. Kila mtu aliona bango na akamwona mtu. Mwanamke wa mbele akapewa kipaza sauti. Alisema yeye amejaribu kila kitu na amechoka kudanganywa.

"Kaka, tuambie ukweli. Ulitumia nini?"

Baba mdogo akaviweka viatu chini, akafikiri.

"Huzuni," akasema.

Nilimwona Bwana Matangazo akifumba macho. Kisha mwanaume mmoja katikati, kalamu mkononi, akauliza inatumiwa mara ngapi kwa siku.

"Asubuhi na usiku," baba mdogo akamjibu. "Mchana nilikuwa kazini."

"Na inapatikana wapi?"

Akainua mkono, akanyoosha kidole kwenye bango lenye sura yake, ameshika tumbo, ametazama chini. "Ipo pale," akasema.

Watu wakafuata kidole, wakaona meza iliyo chini ya bango. Viti vikaanguka. Walikwenda kwa mkumbo, mwanamke wa mbele akiwa wa kwanza, na pakiti zikaisha kabla wa nyuma hawajafika. Wengine walinunua zile tupu za maonyesho. Katika ukumbi mzima mtu mmoja tu ndiye aliyelitazama bango lenyewe, na huyo alikuwa ameligeukia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, maana kazi ilimtaka aligeuzie mgongo. Dada yangu aliacha kisanduku cha hela wazi, akapita katikati ya watu waliokuwa wakimnyooshea noti, akapanda jukwaani. Akaviokota viatu. Sikusikia walichoambiana na hakuna aliyewahi kunisimulia. Niliona tu amemshika baba yake mkono, wakashuka kwa ngazi ya pembeni, na yeye bado ana kofia ya kampuni kichwani.

Bwana Matangazo alikuja kwa baba mdogo wiki iliyofuata. Wengi walidhani anakuja kumshitaki. Alikuja kumshukuru. Madukani watu walikuwa wanaulizia majani ya huzuni, na yeye hakuona sababu ya kuwasahihisha. Tena alikuwa na ukumbi mwingine katika mji mwingine, na mwingine baada ya huo. Alichotaka ni majibu yale yale matatu, na kidole kile kile. Baba mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha mkate, akauvunja nusu akala na yeye. Akamwambia haiwezekani. Akaulizwa kwa nini.

"Imeniishia," akasema.

Bwana Matangazo alipata watu wengine, hakosi. Majani yaliuzwa mpaka watu walipochoka, kisha kampuni ikahamia kwenye kitu cha nywele. Dada yangu alimaliza chuo, na kwenye mahafali alimpitisha baba yake getini akimtambulisha kwa kila aliyekutana naye, wakufunzi, walinzi, hata mwuza maji, mpaka baba mdogo akaomba wakae.

Mwili ulimrudia, si wote. Wa baba haukuondoka. Siku hizi ni wazee wawili wa uzito mmoja, na Jumapili hukaa kwenye benchi mbele ya duka la baba wakibishana juu ya mambo yasiyo na faida. Mama akitoka na chai akawakuta wamempa mgongo, hukohoa kwanza, akasubiri aone nani atageuka.